Pezi Lenye Pengo

Watu wakisikia kwamba napiga picha za pomboo, picha wanayoniomba huwa ni ileile: mnyama amechomoka majini, mwili umepinda hewani, matone yanametameta na jua liko nyuma yake. Ninazo za namna hiyo, na zimewahi kununuliwa kwa ajili ya kalenda. Lakini picha ninayoithamini kuliko zote haina mruko wala machweo. Ni pezi la mgongo tu, la kijivu, limetokeza juu ya maji ya kijani kwenye mlango wa bandari ya Kilwa. Ukingo wake wa nyuma una pengo lenye umbo la mwezi mchanga karibu na ncha, na chini ya pengo kuna michirizi miwili myeupe ya kovu la zamani. Asiyejua ataipita haraka. Mimi nikiiona namtambua mwenye pezi, kwa kuwa nimekutana naye karibu na Kilwa Kisiwani, nikakutana naye tena kuelekea Songo Mnara, na mwaka mwingine nikamkuta akiogelea na mtoto ubavuni.

Pomboo huumizana kwa meno wanapogombana, wengine hung'atwa na papa wakapona, wengine hukatwa na nyuzi za nyavu. Makovu yanayobaki kwenye ukingo wa pezi hudumu miaka mingi, na hakuna wawili wenye alama zinazofanana kabisa. Tangu miaka ya 1970 watafiti wa nchi mbalimbali wamezitumia alama hizo kumtambua mnyama mmoja mmoja bila kumkamata. Kinachotakiwa ni picha ya ubavuni, pezi limesimama lote, iliyo kali kiasi cha kuonyesha kila pengo. Kuipata picha hiyo ukiwa ndani ya mashua inayokwenda ni kazi iliyonifundisha mambo mengi kuliko kazi nyingine yoyote niliyofanya na kamera.

Nilianzia kwenye harusi, Lindi mjini. Bi harusi hukaa pale alipowekwa. Taa ni zako mwenyewe, na picha isipokuja vizuri unamwomba ainue uso tena. Baharini huna hata kimoja kati ya hivyo. Mashua inapanda na kushuka, mnyama yuko kwenye njia zake, nawe umesimama juu ya ubao uliolowa huku mkono mmoja ukiilinda lenzi na maji ya chumvi. Jua la pwani ya kusini halimngoji mtu: ikifika saa nne limeshapanda, uso wa bahari unawaka mweupe, na ngozi ya pomboo haina tena tofauti na mng'aro unaomzunguka.

Kilichonivuta kutoka ukumbini hadi majini ni jambo nililoliona Kisiwani. Wageni wengi huja Kilwa kwa ajili ya mawe. Wana haki. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331 na kuusifu mji. Msikiti Mkuu ungali umesimama na kuba zake, Husuni Kubwa iko kwenye ukingo wa jabali ikitazama bahari, na Gereza liko pale pale maji yanapogusa ardhi. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba na kupima magofu hayo kwa miaka mingi, na kitabu chake kikubwa juu ya Kilwa kikatoka mwaka 1974. Mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa kuta zilikuwa zikiliwa na mawimbi na mvua, na mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya ukarabati, yakatolewa humo.

Fikiri hilo limewezekanaje. Mtu anaweza kusema ukuta umepungua kwa sababu yupo aliyeupima ukiwa mzima, akauchora, akaupiga picha na kuandika tarehe. Nilikuwa nimesimama ngazi za Gereza siku nilipoliwaza hilo, kundi la pomboo likapita kwenye mkondo mbele yangu, taratibu, likielekea nje. Kila jiwe nyuma yangu lilikuwa na kumbukumbu yake. Wale waliopita mbele yangu, ambao mababu zao walipita hapo hapo majahazi ya Sofala na ya Uarabuni yakiwa yametia nanga, nani angejua kama mwakani wamerudi wote?

Niliyemwendea ni nahodha mmoja mzee wa Kisiwani. Alikuwa na mashua ya mbao yenye tanga, na mashine ndogo ya kupachika nyuma kwa siku za shwari. Nilimwita Babu, naye akaniita mjukuu. Nilipomweleza shida yangu aliniuliza swali ambalo baadaye alilirudia karibu kila alfajiri tuliyokutana gatini Kilwa Masoko.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo tunakwenda kupiga picha au tunakwenda kukimbizana?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Watu wengi wenye kamera wakiona pezi humhimiza nahodha aongeze moto. Mashua ikikaza mwendo nyuma ya kundi, wanyama huzama kwa muda mrefu, hubadili njia chini ya maji, na hutokea mahali ambapo hakuna lenzi iliyoelekezwa. Hata wakitokea mbele, unachopata ni migongo inayokwenda mbali nawe, na mgongo unaokukimbia hauonyeshi ukingo wa pezi. Kumfukuza pomboo, kwa hiyo, ni kosa mara mbili: humtesa mnyama na huua picha.

Njia ya Babu ilikuwa nyingine. Tulitoka alfajiri kwa upepo wa umande unaovuma kutoka bara, tanga limejaa kidogo, mashine imenyamaza. Katika ukimya ule pomboo husikika kabla hajaonekana. Pumzi yake hutoka kwa mkupuo mmoja wenye nguvu, na asubuhi ya shwari sauti hiyo hufika mbali. Babu alikuwa akiinua kidole, haneni kitu, anaelekeza upande. Kisha aliangalia ndege. Kama mbayuwayu wa bahari wanachota juu ya maji na uso wa bahari unachemka dagaa, wanyama wako kazini na hawatahama upesi. Kama hakuna ndege na mapezi yanatokea kwa utaratibu, karibu karibu, basi wamepumzika au wako safarini, na hapo ndipo alipokuwa mwangalifu zaidi.

Alipolazimika kuwasha mashine aliiweka kwenye moto mdogo na kuiacha hapo. Hakuongeza, hakupunguza ghafla, hakuizima na kuiwasha tena. Nilimwuliza kwa nini, akanijibu kwamba pomboo anaizoea sauti isiyobadilika kama mtu anavyozoea kinu cha jirani. Kinachomshtua ni mabadiliko. Nilipokuja kusoma zaidi nilielewa ukubwa wa alichokuwa akisema. Sauti husafiri majini takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Pomboo huitumia kutafuta chakula, kujua kina, na kujua mwenziwe yuko wapi. Kila mkono wetu unapogusa mashine, yeye huko chini anasikia.

Basi tulikwenda sambamba nao, mbali kidogo, mwendo wao ukiwa mwendo wetu. Hatukuwaingilia kwa mbele wala hatukuwafuata mkiani. Kundi likitaka kutukaribia lilikaribia lenyewe, na mara nyingi vijana wao ndio waliotangulia, wakaja kupanda wimbi la omo, wakajigeuza ubavu kututazama. Hapo lenzi ndefu haina kazi. Weka kamera chini uwaangalie tu, au shika lenzi fupi upige moja kwa moja chini kupitia maji. Lisipotaka kutukaribia, tuliridhika na umbali tulionao.

Niseme kidogo juu ya kamera, maana wapo wasomaji watakaotaka kujaribu. Situmii lenzi kubwa kupita kiasi. Ya milimita 100 hadi 400 inatosha, kwa sababu pomboo anaweza kutokea mbali na dakika ileile mwingine akapumua chini ya miguu yako. Shata naiweka 1/2000 ya sekunde, nikikosa mwanga nateremka hadi 1/1000, na chini ya hapo pezi huanza kufifia ukingoni. Fokasi iwe ile inayomfuata kitu kinachotembea, na kamera ipige mfululizo mfupi wa picha, siyo mvua ya risasi. Usiegemeze kiwiko kwenye ubavu wa mashua wala usikae juu ya ubao karibu na mashine, kwa sababu mtetemo wote utaingia kwenye picha. Simama, miguu imeachana, magoti yamelegea, nyonga moja ikigusa mlingoti. Mwili wako ndio unaopaswa kumeza wimbi. Na usifumbe jicho la pili. Jicho lililo wazi ndilo litakaloona pezi lingine likitokea kushoto wakati kioo cha kamera bado kinaangalia kulia.

Lililo muhimu kuliko vyote hivyo ni kuijua pumzi. Pomboo hatokei mara moja akapotea. Kwa kawaida hupumua mara kadhaa kwa kupokezana na mizamo mifupi, halafu huenda chini kwa muda mrefu. Pumzi ya kwanza inakuonyesha anaelekea wapi. Ya pili inakupa nafasi ya kuweka fokasi, siyo pale alipotokea, bali mbele yake, kwa kadiri ya mwendo wake. Ukitulia, ya tatu ni yako. Mpiga picha mwenye pupa hufyatua kwenye pumzi ya kwanza na anarudi nyumbani na picha za mduara wa mawimbi mahali ambapo pomboo alikuwepo. Ilinichukua msimu mzima wa maleleji, upepo ulipokuwa umetulia kati ya kusi na kaskazi, mpaka mikono yangu ikaanza kuifuata pumzi bila mimi kuhesabu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mimi na Babu tulitofautiana, na lilinichukua muda mrefu kulikubali. Asubuhi jua linatoka upande wa bahari. Mashua ikiwa upande wa bara, kila kitu mbele yako ni kivuli. Ili pezi liangazwe vizuri, rangi yake na michirizi yake ionekane, inabidi mashua izunguke ikae upande wa bahari, jua liwe mgongoni mwako. Kwa kanuni za upigaji picha hakuna ubishi. Lakini katika mlango mwembamba kama ule wa Kilwa, au kati ya Kisiwani na Sanje ya Kati ambako kuna mafungu na miamba, mashua ikikaa upande wa bahari inaziba njia ya kutokea kwenye kilindi. Babu hakukubali kamwe.

"Hapo nitakuwa nimemfungia mlango," aliniambia. "Wewe ukiwa ndani ya nyumba na mtu usiyemjua amesimama mlangoni, utakaa kwa raha?"

Tukabaki upande wa bara, nami nikapiga vivuli. Niliporudi nyumbani na kuzikuza picha kwenye kompyuta niliona ambacho sikukitarajia. Pezi jeusi mbele ya maji yanayong'aa linaonyesha ukingo wake wazi kabisa, kila pengo, kila mkato, kuliko pezi lililomulikwa. Picha ambayo hakuna kalenda itakayoichapisha ilikuwa picha bora ya kumtambulisha mnyama. Tangu hapo sikuomba tena mashua izunguke.

Katika maji haya nimewapiga picha pomboo wa namna tatu. Walio wengi machoni pa msafiri ni wale wanene kiasi, wenye pua fupi, wanaoitwa na wataalamu Tursiops aduncus. Ndio wanaopanda wimbi la omo, na mwenye pengo langu ni mmoja wao. Nje zaidi, kuelekea Songo Songo na Fanjove ambako bahari inageuka buluu nzito, wapo wembamba wenye pua ndefu, wanaoruka na kujizungusha hewani kama pia. Hao hula usiku kwenye kilindi na mchana hupumzika. Kwa hiyo ukiwakuta saa tano wakienda polepole kwa kubanana, ujue umewakuta usingizini kwa namna yao, na ni hao hasa wanaostahili kuachwa.

Wa tatu ndio wanaonisumbua moyo. Wana nundu chini ya pezi, ni waoga, makundi yao ni madogo, na hukaa kwenye maji ya kina kifupi karibu na mikoko na midomo ya mito. Nimewaona Kilwa, na nimewaona kwenye ghuba ya Lindi, kule Mto Lukuledi unakoingilia baharini, wakitokea mara mbili na kupotea huku kivuko cha Kitunda kikikatiza. Pomboo wenye nundu wa Bahari ya Hindi wako kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, kundi la walio hatarini kutoweka. Sababu yake inaonekana kwa macho: wanaishi mahali palepale ambapo sisi tunatega nyavu, tunapitisha vyombo na kumwaga taka.

Kwa nini nimeng'ang'ania kuhesabu kwa mapezi? Tazama Unguja. Katika Ghuba ya Menai, upande wa Kizimkazi, watafiti walipiga picha za mapezi kati ya mwaka 1999 na 2002 na kulinganisha moja baada ya nyingine. Makadirio yao yalikuwa pomboo 136 hadi 179 wa aina ya kwanza, na wenye nundu 58 hadi 65 tu. Kabla ya hapo mvuvi yeyote angekuambia pomboo wako tele, kwa kuwa aliwaona kila siku. Alikuwa anawaona walewale. Hao sitini ni pungufu ya watoto wa darasa moja katika shule nyingi za vijiji vyetu, na katika idadi ndogo hivyo vifo vichache tu vya kila mwaka kwenye nyavu huwa msiba wa kundi zima. Bila picha za mapezi, hesabu hiyo isingejulikana.

Pwani ya kusini imefanyiwa kazi chache mno za namna hiyo. Mwaka 2015 ulifanyika utafiti mkubwa wa kuizunguka pwani yote ya Tanzania kwa chombo, ukitafuta pomboo na nyangumi kwa macho na kwa vinasa sauti vilivyoburutwa majini. Vinasa sauti vile vilisikia pia kitu kingine. Katika siku 31 vilinasa milipuko 318 ya uvuvi wa baruti. Sehemu kubwa ilikuwa karibu na Dar es Salaam, lakini milipuko ilisikika pwani yote.

Miaka hiyo hatukuhitaji kinasa sauti. Asubuhi moja tulikuwa mbele ya Mchinga na kundi kubwa, mama na watoto wakiwa katikati, na mimi nilikuwa nimeshapata mapezi kadhaa mazuri. Kishindo kiligonga mkuku wa mashua chini ya miguu yetu, kisha, baada ya kitambo, mlio wake hafifu ukafika kwa hewa kutoka nyuma ya rasi. Babu alisema "Inna lillahi" kwa sauti ndogo. Ninazo picha za sekunde zilizofuata. Mapezi yaliyokuwa yametawanyika yamekusanyika, yote yameelekea upande mmoja, nje, na kwenye picha ya mwisho kuna maji matupu. Tulingoja hadi jua likawa kali, hawakutokea tena. Kama kishindo kile kiliingia miilini mwetu kupitia mbao nene, sijui nieleze vipi kilivyomwingia mnyama ambaye kusikia ndiko kuona kwake. Niliandika saa na mahali nyuma ya picha hizo, nikazihifadhi.

Serikali ilikaza kamba baadaye. Vyombo vya dola viliungana, watu wakakamatwa, na kamati za vijiji za usimamizi wa fukwe, zile BMU, zikapata nguvu ya kutoa taarifa. Milipuko imepungua sana, na kila mwenye mashua Kilwa anaijua tofauti. Nalisema hili kwa furaha, kwa sababu ni ushahidi kwamba jambo lililoonekana limeshindikana linawezekana.

Nyavu za jarife ni jambo gumu zaidi kuliko baruti, kwa kuwa ni mkate wa watu. Pomboo anavuta hewa kama sisi. Akinaswa chini usiku anakufa maji. Mwaka 2020 watafiti walikadiria kuwa tangu 1950 hadi 2018 majarife ya jodari katika Bahari ya Hindi yalinasa pomboo na jamaa zao wapatao milioni 4.1. Tarakimu kama hiyo humlemea mtu, akashindwa kuiona. Mimi ninachokiona ni pomboo mmoja mwenye nundu, amelala mchangani kwenye ghuba ya Lindi, na mvuvi aliyemtoa ameketi kando akishona wavu wake.

"Wavu umenikatikia, mwanangu, na huyu naye amekufa," aliniambia. "Hapo nani amepata?"

Nilipiga picha pezi pande zote mbili, kwa ruhusa yake. Nililinganisha na nilizonazo. Hakuwa yeyote niliyemjua. Mvuvi yule hakuwa adui wa mtu. Aliniambia mwenyewe usiku ule alitega wapi, kwa kina gani, na maji yalikuwa ya bamvua au mafu. Hayo ndiyo maarifa yanayoweza kusaidia nyavu zitegwe mahali pengine au saa nyingine, na mtu wa mezani hawezi kuyapata bila yeye. Mwaka 2003 wavuvi wa maji ya Songo Mnara walivua silikanti, wa kwanza kuandikwa katika Tanzania, samaki ambaye hadi mwaka 1938 wasomi wa dunia walidhani alitoweka pamoja na dinosaria. Kama kiumbe kile kingekatwa vipande na kuliwa tu, hakuna ambaye angeamini kilikuwepo. Mikono ya wavuvi wetu inagusa bahari kuliko vyuo vyote, na tunapaswa kuwauliza kwa heshima.

Najua watalii wanakuja. Wataongezeka, nami nawataka waje, maana vijana wa Masoko na Kivinje wanahitaji kazi. Kizimkazi iliwahi kuwinda pomboo kwa chusa ili kupata chambo cha papa, na kuanzia miaka ya 1990 utalii ndio uliobadilisha hali hiyo. Pomboo hai akawa na thamani kubwa kuliko nyama yake kwenye ndoana ya papa. Hilo ni jema. Lakini utafiti uliofanyika hukohuko umeonyesha kwamba boti nyingi zikiwazunguka, pomboo hupunguza mapumziko na kutumia muda mwingi kuhama hama. Mama mwenye mtoto anayenyonya hana nguvu za kupoteza hivyo. Kilwa bado ina boti chache. Kanuni ikiwekwa mapema na manahodha wenyewe, itashikwa.

Nilimwona Babu akiiweka kanuni hiyo. Mgeni mmoja aliyetoka mbali, mwenye lenzi ya bei ya mashua nzima, alimtaka awakatie mbele mama watatu na watoto wao ili apate nyuso zao. Babu alipunguza moto, akageuza omo.

"Mgeni wangu," alisema, "pesa yako ya mafuta ipo mfukoni. Ukiitaka nitakurudishia sasa hivi. Wale siwakatii."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mgeni alinyamaza, kundi likaenda zake, na hakuna mruko wowote uliotokea kumfariji. Tulirudi Masoko na upepo wa mchana. Alilipa zote.

Babu ameacha bahari sasa. Mashua inaendeshwa na mjukuu wake wa damu, ambaye naye hamfungii pomboo mlango. Mimi naendelea na mapezi. Nimeyapanga kwa mahali, tarehe, saa, hali ya maji, idadi ya waliokuwa pamoja, na kama kulikuwa na mtoto. Mengi sijayalinganisha bado, na mtu mmoja hatayamaliza.

Kwa hiyo nina ombi kwa manahodha, waongoza wageni, wavuvi na vijana wa Kilwa, Mchinga na Lindi ambao simu zao zina kamera nzuri kuliko niliyoanza nayo. Pomboo akitokea ubavuni kwako, acha mashine ilivyo, ngoja pumzi ya tatu, piga pezi, na uandike siku hiyohiyo ilikuwa wapi na saa ngapi. Kila BMU ina daftari la samaki wanaoshushwa. Uongezwe ukurasa mmoja wa pomboo, walio hai na waliokufa nyavuni, bila kumtisha mvuvi anayetoa taarifa. Picha zangu zote nitazitoa bure kwa kijiji chochote kitakachokuwa tayari kuanza.